Funguo Mbili za Bwana Nyama

Bunduki yake ilikuwa na kufuli mbili, na juu ya kufuli hizo kulikuwa na buti la gari. Mlango wa nyumba yake pale Euless, Texas, ulizuiwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ukiusukuma kwa bega, uko ndani. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba watu wenye akili zao hufanya kinyume, hufunga nyumba kwanza. Akanijibu, "Humo ndani kuna nini cha kumuua mtu, Dalali? Maharage?"

Sote tulimwita Bwana Nyama. Kwetu Tanzania ndivyo watu walivyowaita maofisa wa wanyamapori, wale waliofika kijijini na gari la serikali wakiuliza harufu hii ya mchuzi inatoka nyumba gani. Yeye hakuwa ofisa. Alikuwa askari wa porini, wa kutembea kwa miguu, wa buti zilizoisha kisigino. Lakini ukishafika Texas nani atakuuliza cheo? Jina likamkaa, hata watoto wa Kirundi wa apatimenti za jirani, ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walilitamka bila kuteleza.

Mimi aliniita Dalali. Nauza magari yaliyotumika, na mengine nayapakia kwenye makontena pale Houston yaende Dar. Kazi hiyo imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza mbele ya mteja na mara ya pili akishaondoka. Nafikiri ndiyo sababu tulielewana. Kabla yake sikuwahi kukutana na mtu anayehesabu kuliko mimi.

Na tulikutana kwa sababu ya buti. Alikuja uwanjani kwangu akitaka gari. Nikampeleka kwenye gari kubwa la juu, safi, lililokaa pale muda mrefu mpaka nilikuwa nimeanza kulichukia. Alichungulia nyuma, akatikisa kichwa.

"Hili halina buti."

"Mzee, hili lote ni buti. Ukikunja viti unapakia kitanda."

"Ndiyo dosari yake."

Nikamwonyesha gari dogo. Akafungua buti, akaniambia niingie nikae kiti cha nyuma. Nikakaa. Akabonyeza mahali, kiti kikalala, tukaonana uso kwa uso kupitia tundu.

"Kiti kinalala," akasema kwa huzuni, kama daktari.

"Mzee, hiyo watu wanailipia zaidi."

"Mimi nikulipe ili mtu aliyekaa hapo aifikie bunduki yangu?"

Nilipiga mahesabu haraka: mzee wa Kiafrika, bunduki, uwanja wangu, na mimi karatasi zangu za ukaazi ndiyo kwanza nazikusanya. Nikataka kumwambia tumefunga. Lakini alikuwa amekwishapiga magoti nyuma ya gari la tatu, sedani kuukuu ya kijivu, anagonga ukuta wa chuma ulio kati ya viti na buti kwa vifundo vya vidole, na uso wake umefunguka kama wa mtu aliyekuta shamba lina maji. Sikuwahi kumuuzia mtu gari kwa sifa ya ukuta. Tulivutana bei mpaka jua likahama, na nadhani alinishinda.

Aliwinda kila mwaka. Texas kwanza, kisha Oklahoma, baadaye New Mexico, na kila safari ya nje ya jimbo alipakia kwa utaratibu ule ule, asubuhi, mlango wa gereji wazi ili jirani yeyote anayetaka kuona aone. Alivuta bolti nyuma, akaangalia ndani kwa tochi, akaingiza kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kuhakikisha, kwa sababu macho, alisema, huona yanachokitaka. Bunduki ikalala kwenye sanduku gumu, kufuli. Risasi kwenye kisanduku cha chuma, kufuli. Vyote viwili butini, kila kimoja upande wake, katikati blanketi. Halafu akanipa ufunguo wa bunduki, na wa risasi akautia mfukoni mwake, akafunga kifungo.

Mimi siwindi. Nilikwenda kuendesha, kuchemsha chai, na kushika ufunguo. Huo ndio ulikuwa mtindo wake, funguo mbili katika mifuko ya watu wawili, kwa hiyo barabarani hakuna kati yetu aliyekuwa na bunduki. Ilikuwa na sisi wote au haikuwa na mtu. Sheria haikudai hivyo. Sheria ya nchi nzima, kama alivyonieleza mpaka nikaikariri, inamlinda mtu anayevuka majimbo akiwa na bunduki yake endapo anaruhusiwa kuwa nayo anakotoka na anaruhusiwa kuwa nayo anakokwenda, haina risasi ndani, na wala bunduki wala risasi hazifikiki kutoka pale walipokaa watu. Kama gari halina buti la peke yake, basi sanduku lenye kufuli, na sio kile kidroo cha mbele ya abiria. Hilo la funguo mbili aliliongeza yeye.

Watu walimcheka. Nakumbuka siku moja Cedar Hill, kwenye ubatizo, wanaume tumekusanyika kwenye jiko la mkaa. Kijana mmoja wa kompyuta akaanza.

"Mzee Bwana Nyama, hivi kweli unafunga bunduki kama mahari? Hii Texas! Watu hapa wanaibeba kama mwavuli."

"Kweli kabisa."

"Sasa kufuli za nini? Relax, mzee."

"Texas inaisha wapi?"

Kijana akacheka. "Mbali sana."

"Inaisha kwenye bango," Bwana Nyama akasema, huku anageuza nyama ya mwenye shughuli kwa uma wa mwenye shughuli. "Ukilipita bango, kila kitu ulichokuwa unaruhusiwa kinaulizwa upya. Gari halijui. Bunduki haijui. Wewe ndiye unatakiwa ujue."

"Haya, mwalimu."

"Sio mwalimu. Mwalimu anafundisha watu wanaotaka."

Tukamcheka kijana badala yake.

Chanzo cha mambo haya yote nilikipata siku nyingi baadaye, barabara ya 287, mahali ambapo pamba imekwisha na nyasi za njano zimeanza. Pale alikuwa akinyamaza kila mwaka. Mara ya kwanza nilidhani ni tumbo. Baadaye nikaona anavyozitazama nyasi, kichwa kimeegemea kioo, midomo inacheza kidogo kama mtu anayesoma barua. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba alipokuwa askari alimkamata mtu mwenye gobore na digidigi mmoja. Yule mtu alikuwa na kibali cha kweli. Ila kibali kilikuwa cha upande wa pili wa kijito.

"Nilipima kwa miguu," akasema. "Hatua arobaini. Angekuwa hatua arobaini kule, ningempa mkono, tungegawana ini. Nikamtia pingu. Alikaa ndani miaka miwili."

"Ulifuata sheria, mzee."

"Nilifuata. Na mkewe alinifuata mimi mpaka kituoni, na mtoto mgongoni." Akaendelea kuzitazama nyasi. "Kwa hiyo siwezi kujisamehe hatua moja, Dalali. Ingekuwa dharau kwa yule bwana."

Nikawasha redio, akaizima.

Usidhani alikuwa mtu wa kununa. Siku askari wa barabarani alipotusimamisha kule New Mexico, kosa ni langu, taa moja ya nyuma imekufa, mimi nilikauka mikono kwenye usukani. Yeye akang'aa. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka. Akamwambia askari kwa Kiingereza chake cha gwaride kwamba kuna bunduki moja ya kuwindia, haina kitu, imefungwa, iko nyuma, risasi mbali nayo, na akaomba ruhusa ya kutoa faili. Faili lilikuwa na leseni, risiti ya bunduki, muhtasari wa sheria za majimbo matatu aliouchapisha maktaba, kila jimbo na karatasi yake ya rangi. Askari, kijana mwekundu wa jua, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akafunga.

"Bwana, mimi nimekusimamisha kwa ajili ya taa tu."

"Hata hivyo," akasema Bwana Nyama, "hutaki kuona funguo? Ziko mbili."

Askari akaomba kuziona funguo. Nadhani alitaka tu kumfurahisha. Maili hamsini zilizofuata mzee alikuwa anaimba puani.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Nyama aliigawa yote. Akirudi na kulungu wa Oklahoma, mama mmoja wa Kirundi ghorofa ya chini, anayefanya kazi ya kutandika vitanda hotelini karibu na uwanja wa ndege, alipata paja zima, na alilipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo, mzee akaona aibu mpaka masikio. Majirani zetu Waislamu, kwa kuwa mnyama hakuchinjwa, aliwanunulia samaki siku ile ile ili asionekane amewaruka. Mwenyewe alikula maharage. Alisema alikula nyama kavu porini miaka mingi mpaka meno yakachoka. Na aliogopa kindi. Mtu aliyelala macho wazi jirani na simba alikuwa akivuka barabara kumkwepa kindi, kwa sababu, alisema, simba unajua anataka nini.

Nikimuuliza kwa nini basi anawinda, kama nyama hali, na kama maisha yake yote alikuwa anawakamata wawindaji, alijibu kila mara tofauti. Siku moja alisema ni mguu, unahitaji kukanyaga kitu kisicho lami. Siku nyingine alisema anataka kujua kama angeweza kuwa upande wa pili na bado akawa mtu mwenye adabu. Jibu ninaloliamini ni lile alilonipa bila kulipanga, tukiwa tumekaa juu ya boneti ya gari kule Oklahoma, alfajiri, chai mkononi, baridi inauma pua. Nyasi zilikuwa na umande uliogeuka barafu, na ndege fulani akalia mahali. Akaweka kikombe chini.

"Nikifumba macho hapa," alisema, "nipo kwetu. Nikifumbua, bado nipo kidogo."

Nilifumba na mimi. Sikuona kwetu, mimi ni mtu wa Temeke. Lakini nilitaka.

Kitu alichokitamani kuliko vyote kilikuwa Colorado. Kule kuna kulungu wakubwa wa milimani, dume mmoja mzito kama ng'ombe, pembe zake kama matawi ya mti uliokauka. Mgeni wa jimbo hawezi kwenda tu. Unaomba kibali cha eneo, wanachagua kwa kura, ukikosa unapata pointi, mwaka ujao unaomba tena, na pointi zikijaa zamu yako inakaribia. Bwana Nyama aliomba miaka tisa. Kila mwaka, majibu yakitoka, alinipigia simu.

"Tumekosa."

"Pole, mzee."

"Sio pole. Tumeongeza pointi."

Mwaka wa tisa alipiga simu. Nikasema haloo mara tatu. Nikasikia anapumua. Halafu akasema, "Dalali, tafuta mtu wa kukushikia uwanja wiki ya kwanza ya msimu," na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani.

Alikuwa na miaka sabini na kitu. Baada ya zamu ile, pointi zinarudi sifuri. Miaka tisa mingine hakuwa nayo, na sote wawili tulijua kuhesabu.

Sasa lazima niseme jambo linaloniuma. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kuona. Alinisimulia habari ya taa ya New Mexico, mimi niliyekuwa kwenye usukani, kama vile sikuwepo. Siku nyingine nilikuta birika jikoni limeungua mpaka limekuwa jeusi, na yeye yuko nje anapalilia nyanya. Nilikuta amevaa saa mbili. Akacheka, akasema moja ni ya Colorado, na nikacheka naye, maana kweli Colorado iko nyuma saa moja. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, mambo hayo niliyahesabu mara moja nikayaacha. Nilitaka safari. Siyo yeye peke yake aliyeitaka.

Siku moja kabla ya kuondoka alikwenda uwanja wa shabaha upande wa Mansfield kuipima bunduki. Alikwenda peke yake, nilikuwa na mteja. Alfajiri nilipofika Euless gari lilikuwa limeshapakiwa, buti limefungwa, mlango wa gereji umeshushwa. Kwa mara ya kwanza sikuona upakiaji. Akanipa ufunguo wangu.

"Umepakia mwenyewe, mzee?"

"Nilikuwa nimeamka."

Tukaondoka. Decatur, Wichita Falls, Childress, Amarillo. Siku ilikuwa nzuri hata naona aibu kuisifia. Anga limeoshwa, ng'ombe kama punje za mtama mbali, mzee amevaa fulana yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa tayari, maili mia tano kabla ya porini, kama mtoto aliyevaa nguo za Idi tangu jana yake. Nilimpa muhogo wa kukaanga wa mke wangu. Akala wote. Aliniuliza kiapo changu cha uraia ni lini, nikamwambia miezi miwili, akasema basi niendeshe kama bibi harusi.

Texline ni mji wa mwisho wa Texas. Nyumba chache, ghala refu la nafaka, halafu bango, halafu New Mexico, ambayo tungeikata kona tu ndipo tuingie Colorado. Desturi yake ilikuwa kusimama kabla ya kila mpaka na kuhesabu risasi. Yeye anahesabu, mimi nahesabu, tunataja idadi kwa pamoja. Tukaegesha nyuma ya ghala, mahali hakuna mtu, ilikuwa kama saa nane mchana. Akafungua kisanduku chake.

"Nilifungua boksi la ishirini," akasema. "Nimepiga tano." Akatoa soksi yenye maganda matupu, aliyaokota siku zote. Tukamwaga. Matano. "Zibaki kumi na tano."

Akahesabu, midomo inacheza. Nikahesabu. Tukatazamana.

"Kumi na nne," nikasema.

Akahesabu tena, anazipanga kwenye blanketi mistari miwili, saba na saba. Akapapasa mfukoni. Akakung'uta soksi. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya nafaka miguuni petu. Halafu akanyoosha mkono bila kunitazama, kiganja juu, nikaweka ufunguo wangu.

Aliitoa bunduki taratibu, mtutu wake ameuelekeza kwenye uwanda mtupu. Akavuta bolti. Risasi ikaruka, ikang'aa, ikaanguka kwenye changarawe.

Hakuna aliyeinama kuiokota. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nasikia lori likibadilisha gia barabarani. Tangu Mansfield ilikuwa humo ndani.

"Tumeitoa," nikasema. "Mzee, tumeitoa. Bado tuko Texas. Hatujavunja kitu."

"Hatujavunja."

"Basi tufunge twende."

"Nani alipakia?"

"Mzee..."

"Nakuuliza, Dalali. Nani alipakia?"

"Wewe."

"Nani alikagua?"

"Wewe."

Akaifunga bunduki kwenye sanduku, akaingiza kidole kwenye chemba kwanza, mara mbili, mara tatu. Mikono ilikuwa imara. Sauti ndiyo haikuwa.

"Sio kwamba nilisahau kuitoa," akasema. "Hilo ningelielewa. Sikumbuki kuiweka. Sikumbuki kupakia. Nakumbuka nimeamka na buti limefungwa, nikafurahi kwamba kazi imekwisha."

Nikaanza kubembeleza. Nimebembeleza watu maisha yangu yote, nimewahi kumuuzia mchungaji gari lisilo na kiti cha abiria, lakini sijawahi kubembeleza kama nyuma ya lile ghala. Nilimwambia miaka tisa. Nilimwambia imetokea mara moja katika maisha. Nilimwambia desturi yake imefanya kazi, si ndiyo maana tumesimama? Si tumeiona? Nilimwambia kuanzia hapa nitakagua mimi, nitapakia mimi, nitashika funguo zote mbili.

"Ukishika zote mbili," alisema, "hiyo ni safari yako. Mimi utakuwa umenibeba."

"Nikubebe basi! Kuna ubaya gani?"

"Kule juu, kwenye nyasi, nitakuwa peke yangu nayo. Nikisahau nimeelekea wapi? Nikisahau wewe uko wapi?" Akaniangalia, na macho yake yalikuwa yameloa, ila hayakumwaga. "Na hapo mbele kwenye bango. Unajua ningekuwa nimepitisha nini kwenye gari unaloliendesha wewe? Kiapo chako, Dalali. Ningekupitisha hatua arobaini."

Kisha nikaendelea kubembeleza, nusu saa nzima, mpaka nikawa narudia maneno. Yeye alikuwa ameinama anaokota ile risasi. Akaipangusa vumbi kwa fulana ya chungwa, akaitia na zile kumi na nne, akafunga kisanduku, na akanirudishia ufunguo wangu, kwa utaratibu, kama ilivyopaswa. Kisha akaenda akasimama mbele ya gari akitazama upande wa milima, ambayo kutoka Texline haionekani. Akasimama sana.

"Geuza gari," akasema aliporudi.

Saa saba za kurudi. Alizungumza kidogo, kuhusu pamba, kuhusu bei ya matairi. Tulipofika kwenye nyasi zake hakuzitazama, alifumba macho. Sikuuliza kama alikuwa anaona kwetu.

Wiki ile ile alimpigia binti yake Houston, akamwambia mwenyewe kwamba kumbukumbu inamtoka, kabla daktari hajamwambia. Bunduki akaipeleka kwenye duka la mtu mwenye leseni kule Fort Worth aiuze. Niliomba niichukue mimi. Akasema kula kiapo kwanza. Nilipokula kiapo nilikwenda moja kwa moja kutoka ukumbini, suti na kibendera kidogo mkononi, nikaambiwa imekwishauzwa, mnunuzi ni kijana fulani. Nikauliza kama kijana huyo ana gari lenye buti. Muuzaji alidhani natania.

Siku hizi nikipeleka gari bandarini Houston napita kwa binti yake, ambako mzee anaishi sasa. Ni nesi, anafanya zamu ndefu, nyumba yake ina joto lile la Houston la kukuvisha nguo nyingine juu ya ulizovaa. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta visingizio vya kutopita. Mara ya mwisho alinipokea mlangoni akanishika kiwiko.

"Kaka, leo yuko vizuri. Ila asipokujua usimlazimishe, anaona haya."

Alikuwa amekaa kivulini nje ya gereji, kiti cha plastiki, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mbele yake kulikuwa na ua, na nyuma ya ua paa za watu wengine, na hapo ndipo macho yake yalipoishia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanikagua toka viatu kupanda juu. "Wewe ni wa magari."

"Ndiye mimi."

"Tulikuwa tunasafiri."

"Tulisafiri sana, mzee."

Akafurahi kwamba amelipata hilo. Tukakaa. Kindi alipita juu ya ua, naye hakusogea, na hilo liliniumiza kuliko kukonda kwake. Halafu akanigeukia, akaniinamia kama mtu anayeuliza siri.

"Yule dume wa Colorado. Tulimpata?"

Uongo ulikuwa pale pale, mwepesi. Ningempa pembe, theluji, risasi moja safi, ini tukaligawana. Nani angemsahihisha? Ningemuuzia milima yote kwa neno moja na angeinunua bila kuvutana. Nilifungua mdomo kufanya hivyo. Lakini alikuwa amenikazia macho vile alivyowakazia watu na vibali vyao, na nikaona siwezi kumpitisha mahali ambapo yeye mwenyewe alikataa kupita.

"Hatukumpata, mzee. Hatukufika. Tuligeuza Texline."

"Kwa nini?"

"Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya bunduki."

Mkono wake ukashika goti. "Nani aliiacha?"

"Wewe."

Akalipokea jibu hilo. Nililiona likishuka usoni. Kindi akarudi na njia yake. Nilikuwa nimeanza kujilaumu, natafuta namna ya kuomba radhi, ndipo akauliza tena, pole pole.

"Na nani aligeuza gari?"

"Wewe, mzee."

"Sio wewe uliyenigeuza?"

"Mimi! Mimi nilikuwa nakubembeleza tuendelee. Nilikubembeleza nusu saa, jasho linanitoka."

"Na nikakataa."

"Ukakataa kabisa."

"Nilikuwa nimekisubiri muda gani kile kibali?"

"Miaka tisa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Mgongo ukanyooka kwenye kile kiti cha plastiki mpaka nikaona bega la gwaride. Akageukia mlango wa nyumba, akamwita binti yake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Texline.

"Mama! Hebu njoo usikie. Huyu bwana anasema siku ile nilikuwa bado mzima."